Mtoto Avushwe Akiwa Tumboni

Hotuba iliyosomwa na katekista wa visiwani, siku ya akina mama, katika juma la Jubilei ya Jimbo

Tumeombwa tuseme machache juu ya mama mjamzito na njia yake ya kwenda hospitali. Wenzetu waliotutangulia mahali hapa wamesema habari za shule, za makanisa na za miti iliyopandwa, nao wamesema vizuri. Sisi si waganga wala wakunga. Tu makatekista, na haya tunayoyajua tumeyapata kwa kuwauliza wauguzi, ambao ni wavumilivu mno kwa maswali yetu, na kwa mambo yaliyotupata sisi wenyewe.

Kila mmoja wenu aijua nchi yetu jinsi ilivyokatwa na maji. Mapadre wa kwanza waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883 walifika kwa mitumbwi kutoka Buganda, nao wangalikuwapo leo wasingestaajabu kuona mtu ameketi ufukoni akingoja upepo utulie. Ghuba ya Mwanza yaingia bara kama kidole kirefu, ikitenga Sengerema na Geita na mji wa Mwanza. Na juu ya kilima cha Bugando, ndani ya mji ule, ndiko iliko hospitali kubwa ya rufaa ya kanda yetu, iliyofunguliwa mwaka 1971. Humo mna wodi ya watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati wao, wale tunaowaita njiti, pamoja na mashine za kuwasaidia kupumua na watu waliosomea kazi hiyo. Mtu wa Ukerewe aifikia kwa meli ya saa tatu hivi kutoka Nansio. Mtu wa Kome au wa Maisome sharti kwanza avuke mpaka nchi kavu, kisha ashike barabara ya Sengerema, kisha aikute ghuba. Basi mkisikia mtu akisema kwamba hospitali ipo, mwulizeni ipo kwa nani, na saa ngapi ya usiku.

Mwaka 2011 mwenzetu wa nyumbani alikuwa na mimba ya pili. Muuguzi wa kliniki akampapasa tumbo, akasikiliza mapigo ya moyo mahali pawili, akatugeukia akasema, “Mwalimu, humu wamo wawili. Mama huyu asizalie kisiwani. Mwezi wa saba ukianza, awe amekwisha ondoka, akangoje Mwanza karibu na hospitali.” Tukamshukuru, tukarudi nyumbani kwa furaha kubwa, maana kwetu pacha ni heshima, na majina yao hayatafutwi: atakayetangulia ni Kulwa, atakayefuata ni Doto. Walakini juu ya lile shauri la kuondoka tulisema, “Bado upo muda.” Tulikuwa tukingoja siku za giza. Ninyi mlio wavuvi mwajua kwamba dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na fedha yetu ya safari ilikuwa bado imo majini.

Mwezi wa saba ukaanza, likapita juma moja, na la pili, na la tatu. Ndipo usiku mmoja, saa nane, chupa ikapasuka. Ziwa lilikuwa limechafuka. Nahodha akasema hatoki mpaka alfajiri, wala hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa alikuwa na watoto wake naye. Kulipopambazuka tukavuka kwa mtumbwi wa injini, tukakodi gari ng'ambo, na uchungu ukazidi njiani. Katika kituo kimoja cha afya, ambacho hatutakitaja jina, watoto walizaliwa saa tatu asubuhi: Kulwa kwanza, kilo 1.3, na Doto nyuma yake, kilo 1.5. Walilia wote wawili. Muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa ukumbi mzima. Akawafuta, akawafunika, akatuambia kwa sauti ndogo, “Sina chombo cha kuwasaidia hawa. Nendeni Bugando sasa hivi.” Gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Tukarudi katika gari lile lile la kukodi.

Tulipofika ukingoni Busisi tulikuta malori na mabasi yamepangana, na kivuko kiko upande wa Kigongo, twakiona kwa macho. Kulwa alikuwa mikononi mwa bibi yake, amefungwa kanga tatu. Doto, mama yake alikuwa amemtia ndani ya blauzi, kifuani, kwa sababu kanga zilikuwa zimekwisha. Watoto wale walikuwa wakiguna kila walipovuta pumzi, na sisi tusiojua tukaona kwamba ni sauti ya uhai. Baadaye tuliambiwa kwamba kuguna kule ni mapafu yashindanayo na hewa. Mara bibi akasema, “Baba, mbona huyu haguni tena?” Tukamtazama. Tulikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Tukambatiza kwa maji hayo tukiwa tumesimama nyuma ya lori la viazi, na kivuko kilipogusa gati Kulwa alikuwa amekwisha kufa.

Doto alifika. Alikaa Bugando majuma saba, sehemu kubwa ya siku hizo akiwa amefungwa kifuani mwa mama yake, na sasa yuko sekondari. Watu wakisikia jina lake huuliza, “Na Kulwa wako yuko wapi?” Naye hujibu vizuri kuliko sisi. Mwenzetu mpaka leo huitwa Mama Kulwa, maana mama wa pacha huitwa kwa jina la aliyetangulia.

Kwa miaka mingi tulililaumu lile foleni la Busisi. Lakini tulipoanza kuuliza, tukakuta kwamba watu wenye elimu walikwisha kuyapima mambo haya. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama mzazi hucheleweshwa mahali patatu: nyumbani, watu wanapokata shauri, njiani, na ndani ya hospitali yenyewe, asipopata msaada upesi. Tukahesabu ucheleweshaji wetu. Njiani tulipoteza kutwa karibu nzima. Katika kituo kile tulipoteza kidogo, kwa kukosa gari zima. Na nyumbani tulipoteza majuma matatu. Haya ndiyo tuliyoyasikia kwa uchungu, maana ziwa halikutuzuia majuma matatu; tulijizuia wenyewe, kwa hesabu ya dagaa.

Sasa tusikilize kidogo hesabu ya nchi nzima, kisha tutaiacha, maana twajua tarakimu huwachosha watu wenye njaa. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, akina mama 63 katika kila 100 walizalia katika nyumba za afya. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 81. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 mpaka 43 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Hayo ni mema sana. Walakini vifo vya watoto wachanga, wasiotimiza mwezi mmoja, vilikuwa 25 vikawa 24. Yaani mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akifa kwa malaria amepata nafuu, na yule wa siku mbili karibu yuko pale pale. Twafikiri sababu moja ni hii: mama amefika kwenye nyumba ya afya, lakini si kila nyumba ya afya iwezayo kumtunza mtoto wa kilo moja na robo.

Msidhani kwamba twazidharau zahanati. Mtoto mwingine ahitaji tu kufutwa, kusuguliwa mgongo, na kupulizwa hewa kwa mfuko na barakoa katika dakika ya kwanza ya uhai wake, na jambo hilo lawezekana hata kisiwani, ikiwa mkunga amelizoea. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyoongozwa na watu wa hospitali ya Haydom, iliyofanywa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, nayo ni Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na hii yetu ya Mwanza. Wakunga walifanya mazoezi ya mara kwa mara, mahali pao pa kazi, na vifo vya watoto katika siku ya kwanza vikapungua kwa asilimia 40. Hakika ni kazi ya kusifiwa. Lakini mtoto aliyezaliwa mapema mno, akiisha kulia, safari yake ndiyo kwanza inaanza. Mapafu yake hayajaiva. Ngozi yake nyembamba yapoteza joto upesi, na sukari ya damu yake yashuka. Kunyonya bado hajui. Ahitaji mashine ya kusukuma hewa puani, na maziwa ya mama kwa mpira mdogo, na jicho la muuguzi usiku kucha, majuma mengi. Vitu hivyo haviwezi kuwekwa katika kila kisiwa, hata tukiwa na fedha, kwa kuwa mikono inayovitumia hupata ustadi kwa kuwaona watoto wengi.

Basi kama hospitali haiwezi kumfuata mtoto, mtoto hana budi kuifuata. Nasi twauliza, asafirije? Mtoto aliyekwisha kuzaliwa huvushwa katika upepo, mikononi, hana pumzi ya kutosha, na kila saa yampunguzia. Mtoto aliye bado tumboni husafiri akiwa na joto, na chakula, na hewa itokayo katika damu ya mama yake. Tangu dunia iumbwe hapajatengenezwa chombo kilicho bora kuliko hicho, wala hakihitaji mafuta ya petroli. Daktari mmoja alitueleza jambo hili tukiwa tumeketi kwenye benchi, akalieleza kwa maneno machache, na sisi tukanyamaza muda mrefu.

Tena kuna dawa. Mama anayeelekea kuzaa kabla ya wakati, tangu majuma 24 mpaka 34 ya mimba, aweza kuchomwa sindano ambazo huingia katika damu yake na kuyaivisha mapafu ya mtoto aliye tumboni. Lakini sindano hizo zataka saa nyingi kufanya kazi yake, na yafaa zitolewe mahali ambapo mtoto akizaliwa ataweza kutunzwa. Mama akifika amekwisha zaa, sindano hazimfai tena. Akifika kichwa cha mtoto kikionekana, hazina nafasi. Yule aliyefika jana, huyo zamfaa.

Na lile la blauzi, nalo tumeliuliza. Huduma ya kumweka mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ilianza katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, pale ambapo mashine za joto hazikutosha. Kwa muda mrefu waganga walifuata desturi ya kungoja kwanza mtoto atulie ndipo awekwe kifuani. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, na Tanzania ilikuwamo, ya kwamba njiti wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo. Hatusemi kwamba Doto aliishi kwa ajili ya blauzi na Kulwa akafa kwa ajili ya kanga. Kulwa alikuwa mdogo zaidi, na Mungu peke yake ajua. Twasema tu kwamba bibi wa watoto, aliyedhani amemtunza vema yule aliyepewa, alikuwa akituuliza habari hiyo mpaka alipofariki. Basi akina bibi mlio hapa, likiwapata jambo kama lile na njia ni ndefu, mvueni mtoto nguo, mtieni kifuani mwa mama yake au mwenu, mfunikeni kichwa, kisha mfunge kanga kwa juu.

Twatoa shukrani kwa yaliyotendeka. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, na mahali tulipongoja siku ile gari hupita sasa kwa dakika chache. Tulilivuka pamoja na Mama Kulwa. Alitazama majini upande wa kushoto, pale lilipokuwa gati, wala hakusema neno mpaka Usagara. Tena uko mpango wa m-mama, ambao watu wa Sengerema waujua vizuri, maana ulijaribiwa kwao na Shinyanga kabla ya kuenezwa nchi nzima: hupigwa namba 115 bila malipo, na pasipokuwa na gari la wagonjwa huitwa dereva wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa akiisha kumfikisha mama. Na kwa watu wa magharibi, hospitali ya kanda imejengwa Chato.

Lakini daraja halikufika visiwani. Na namba ya simu, ijapokuwa ni njema, hupigwa wakati mambo yamekwisha haribika. Ziwa likichafuka saa nane ya usiku, dereva wa ng'ambo hawezi kitu. Kwa hiyo twasema na akina baba hasa. Ziko mimba ambazo hutoa habari mapema. Mimba ya pacha. Mama aliyezaa kwa upasuaji. Aliyewahi kuzaa njiti. Mwenye damu ya kupanda, anayevimba uso na kuumwa kichwa. Aliyeona damu kabla ya wakati. Msichana mdogo ambaye mwili wake haujakomaa. Hawa muuguzi huwajua, na huwaambia. Kinachobaki ni baba kusema ndiyo, na mama mkwe kutosema kwamba yeye alizaa kumi chini ya mwembe. Alizaa kumi, kweli, nasi twamheshimu. Aulizwe wamebaki wangapi.

Wengine watajibu kwamba mama akienda kungoja mjini, nani atapika, nani atalima, naye atakula nini huko? Swali hilo ni la haki, na aliyelicheka hajawahi kukaa mjini bila ndugu. Mahali pengine nchini hospitali zimejenga nyumba za kungojea, watu wa huko huziita chigonela, ambamo mama hukaa majuma ya mwisho hatua chache kutoka chumba cha kuzalia. Shirika la Afya Duniani nalo limezishauri kwa watu wakaao mbali. Hata hivyo tumeona nyumba ya namna hiyo iliyo tupu, kwa sababu haikuwa na jiko wala choo kizuri, wala mtu wa kuamkia akina mama. Nyumba bila unga ni kibanda tu. Ndiyo sababu twamwomba Baba Askofu na halmashauri ya Jubilei, ambao tumesikia bado wanashauriana juu ya fedha iliyobaki, kwamba kabla ya kuongeza mnara wa kengele wafikirie vyumba sita karibu na hospitali, na gunia la unga kila mwezi kutoka kila parokia. Twajua kwamba mnara umeahidiwa, na fundi amekwisha chora. Tumelisema, na mwenye kukasirika akasirike nasi.

Kwetu kisiwani hatukungoja. Kwa miaka minne sasa tuna daftari, linalotunzwa na akina mama wawili wa kigango pamoja na muuguzi wa zahanati. Mama akikubali, jina lake huandikwa, na mwezi anaotazamia, na neno alilosema muuguzi, na nani atakayebaki na watoto wake. Waislamu na watu wa makanisa mengine wamo pia, maana ziwa halimwulizi mtu dini yake. Kila mwenye mtumbwi hutoa kidogo katika siku za giza, na fedha hiyo haikopeshwi kwa jambo lingine lo lote, hata mazishi. Kwa neno hilo tuligombana sana mwaka wa kwanza, nusura daftari lichanwe. Hatujafaulu kila mara. Mwaka jana mama mmoja aliandikwa, akakataa kuondoka, na mume wake akasimama mlangoni kama sisi tulivyosimama mlangoni petu. Nasi tulikwenda mara tatu, na mara ya nne tukamchukua Mama Kulwa aende peke yake kusema naye. Hatujui walisema nini. Mama yule alivuka kesho yake.

Mwezi huu daftari lina majina manane. Matano muuguzi amesema wazalie hapa hapa kwenye zahanati. Mawili yamekwisha vuka, wako kwa ndugu zao Mwanza. Moja limebaki, la binti mwenye mimba ya pacha, aliyeingia mwezi wa saba juzi. Bibi yake alitaka angoje mpaka sherehe hizi zimalizike, aione Jubilei. Mashua yake ni ya kesho alfajiri, nasi tutaomba ruhusa tusikae chakula cha jioni, ili tukamsaidie mizigo.